Kamera Ikae Upande Gani wa Mlango?

Mtu anayetaka kuigeuza hadithi ya Nuhu kuwa filamu ana maswali mengi ya kujibu. Tembo atatoka wapi? Safina ijengwe kwa mbao au kwa kompyuta? Mvua ya siku 40 ioneshwe kwa dakika ngapi? Hayo yote ni maswali ya pesa, na swali la pesa huwa na jibu fupi: zipo au hazipo. Kuna moja tu ambalo pesa haziligusi. Mlango wa safina ukishafungwa, kamera inabaki ndani au inabaki nje?

Swali hili nimelitafuna kwa miezi kadhaa kwa sababu kuna watu wamenilipa nilijibu. Nusu, kusema kweli. Nusu nyingine wakiipokea kazi. Kikundi cha vijana wa kanisa moja huku Bomet kinataka kutengeneza filamu ya Nuhu, kwa Kiswahili, yenye nyimbo za Kipsigis, irekodiwe kwenye mashamba ya chai kisha ioneshwe kwa projekta, kanisa hadi kanisa, Disemba watu wakiwa wamerudi nyumbani. Skripti ni yangu. Digrii sina, chuo nilikiacha mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipiwa: wasifu wa marehemu, hotuba za harusi, matangazo ya mbolea. Nuhu alinijia kama kazi nyingine yoyote. Basi nikafungua kitabu cha Mwanzo, nikakisoma kama mtu anayetafuta maneno ya kuwapa waigizaji.

Kumbe hayapo. Nuhu hasemi. Anaambiwa ajenge, anajenga. Anaambiwa aingie, anaingia. Maji yanafunika milima, yanatawala siku 150, yanapungua, anatoka, anajenga madhabahu, na muda huo wote hakuna neno hata moja lililonukuliwa kutoka kinywani mwake. Mara ya kwanza tunamsikia ni sura ya tisa, ameamka kutoka usingizi wa divai, na analolitamka ni laana juu ya Kanaani, mjukuu wake. Mkewe hata jina hana. Na ule mlango, wengi tunadhani Nuhu ndiye aliyeufunga. Hebu soma Mwanzo 7:16. Ni Mungu mwenyewe aliyemfungia. Msomaji mwenye haraka anaupita mstari huo. Mwandishi wa filamu hawezi, kwa sababu mlango ni kitu, na kitu lazima kionekane kikifungwa, kwa mkono au bila mkono.

Wazee wa kanisa waliniambia jambo moja tu nilipoanza: fuata Biblia, usiongeze. Ni agizo zuri kwa mhubiri. Kwa filamu haliwezekani. Mhubiri akisoma kwamba kila chenye pumzi kilikufa, kila msikilizaji anabeba kiasi anachoweza. Mtoto atawaza twiga. Mama atawaza watoto. Mwingine atawaza chakula cha mchana. Hakuna anayelazimishwa kuona. Kamera haina neno "kila". Ina mwanamke huyu mwenye leso ya njano na mtoto mgongoni, kisha ina mzee yule anayeshika tawi. Ukiwaonesha, umeongeza. Usipowaonesha, pia umeongeza, maana umemwambia mtazamaji kwamba hawakuwa na maana ya kuangaliwa. Ukiweka muziki, umeamua. Ukiunyamazisha, umeamua. Ukimya wa Maandiko unamwachia mtu nafasi ya kufikiri. Ukimya wa skrini unamfikiria.

Ndugu zetu Waislamu wanayo hadithi hii, na wao wameachiwa uso mmoja katika maji. Katika sura ya Hud, Nuhu anamwita mwanawe aliyejitenga apande pamoja nao. Kijana anajibu kwamba atakimbilia mlimani, mlima utamkinga. Wimbi linaingia kati yao, basi. Baadaye baba anamlilia Mola wake juu ya mwanawe huyo, na anakanywa asiombe asilolijua. Kijana hakutajwa jina, lakini anasema, anazama, na kuna mtu anayeumia kwa ajili yake. Mwandishi yeyote wa skripti angelitamani tukio hilo. Lakini walio nalo ndio wenye katazo la kumwigiza nabii. Filamu ya Noah ya Darren Aronofsky ilipotoka mwaka 2014, Falme za Kiarabu, Qatar na Bahrain hazikuiruhusu kwenye majumba ya sinema kwa sababu hiyo. Unaweza kuliita katazo hilo woga. Mimi naona lina hoja. Uso wa mwigizaji ukishamgandia nabii, haubanduki, na wengi walioitazama filamu ile wakifumba macho leo wanamwona Russell Crowe.

Kwa Wakristo ugomvi ulikuwa mwingine. Kabla filamu haijatoka, kampuni ya Paramount ilikubali kuweka tangazo la kueleza kwamba kazi hiyo imechochewa na hadithi ya Nuhu na kwamba uhuru wa kisanaa umetumika. Watu walibishana juu ya majitu ya mawe, juu ya Nuhu mwenye hasira, juu ya mazingira. Tukio ambalo lingestahili ubishi lilipita hivi hivi. Safina imefungwa, ndani ni giza, familia imeketi, na kutoka nje zinasikika sauti za watu waliong'ang'ania mwamba wa mwisho. Watu wa nyumba ya Nuhu wanamsihi. Nafasi si ipo? Anakataa. Kwa dakika hizo chache filamu ilifanya kitu ambacho mahubiri mengi ya Nuhu niliyoyasikia tangu Sunday school hayajawahi kufanya: ilitulazimisha kuokoka tukiwa na masikio.

Zipo za kabla yake. Mwaka 1928 Michael Curtiz aliwatengenezea Warner Bros. filamu ya Noah's Ark, na siku ya kurekodi gharika maji ya kweli yalifunguliwa juu ya umati wa waigizaji wa ziada. Imesimuliwa miaka yote hii kwamba watatu kati yao walikufa. Mpigapicha Hal Mohr aliiacha kazi hiyo alipoona hatari ambayo watu wangeingizwa. Fikiria: watu wa kibarua, wanaolipwa kwa siku, wamevalishwa nguo za wenye dhambi, wanamwagiwa maji kweli ili sisi wengine tuone jinsi haki ya Mungu inavyotenda kazi. Kwa mtu aliyelelewa na kibarua cha kuchuna chai, kama mimi, habari hiyo haikai mbali.

Halafu kuna Evan Almighty ya mwaka 2007, ya kuchekesha. Humo gharika haitoki mbinguni. Bwawa lililojengwa vibaya kwa tamaa ya mwanasiasa linapasuka, na watu wanakimbilia safinani wanaokoka. Wenzetu Marekani walicheka, na filamu haina ubaya. Ila jaribu kuionesha Kenya. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka kule Solai, kaunti ya Nakuru, maji yakawafuata watu majumbani, na 48 wakafa. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipata njia, yakashuka juu ya watu waliolala, na makumi wakafa. Hapakuwa na safina pembeni. Mtazamaji wa Kenya hafiki kwenye filamu ya gharika akiwa mikono mitupu. Anakuja na Solai yake.

Hapo ndipo swali la kamera linapoacha kuwa la sanaa. Baada ya Mai Mahiu nilisikia hubiri lililowahesabia waliokufa dhambi za nchi nzima. Mhubiri hakuwajua hata mmoja. Hakuhitaji, kwa sababu hadithi alikuwa nayo tayari: maji huja juu ya waovu, aliye mkavu ni mwenye haki. Hivyo sivyo Mwanzo inavyosema. Inasimulia gharika moja, na inamaliza na ahadi kwamba haitarudiwa. Lakini ndivyo watu wanavyoisikia, na filamu ikitengenezwa vizuri itawasikizisha hivyo kwa nguvu zaidi.

Tena sisi tuko juu. Nchi ya chai ni nchi ya mwinuko. Mvua ya Kericho inajulikana, hunyesha karibu mwaka mzima, na ikichelewa ndipo tunapoingiwa na hofu. Mvua ni majani, majani ni kilo, kilo ni bonasi, bonasi ni karo. Mimi mwenyewe mvua hiyo imenisomesha hadi pale nilipoishia. Lakini maji hayakai hapa. Yanayoanzia Londiani na Tinderet yanaingia mto Nyando na kushuka hadi uwanda wa Kano. Ya Kipsonoi na Itare yanaingia Sondu, yanapita Nyakach, yanaelekea ziwani. Msimu wa masika ukiwa mkali, watu wa Ahero na vijiji vya Nyando wanabeba magodoro vichwani kwenda kulala madarasani, na mvua inayowahamisha ni ile ile tunayoishukuru Jumapili. Sisi tumeshafika Ararati siku nyingi. Ndiyo maana filamu ya Nuhu ikirekodiwa huku, droni ikipita juu ya vilima vya kijani kibichi, mwimbaji akipanda sauti, itakuwa imechagua upande kabla mtu hajafungua mdomo.

Kikao cha kugawa nafasi za waigizaji kilinifundisha zaidi kuliko vitabu. Nafasi ya Nuhu ilikwenda kwa kiongozi wa kwaya. Kwa waovu, orodha ilijiandika yenyewe. Kijana mwenye rasta, muuza chang'aa, msichana wa sketi fupi, na mtu mmoja akapendekeza, watu wakacheka, kwamba awepo wa kuongea Kiswahili cha lafudhi ya jamii nyingine, ndio watu wajue. Wajue nini? Hakuna aliyeuliza. Mimi sikucheka, maana Januari 2008 nilikuwa mtoto wa darasa la pili katika shule ya shamba moja la chai, na shule ilipofunguliwa madawati yalikuwa yamebaki wazi. Wenzetu ambao wazazi wao walitoka jamii nyingine walikuwa wameondoka kwenye laini na vitanda vyao juu ya malori, wengine bila hata hivyo vitanda. Neno lililotumika siku hizo lilikuwa "madoadoa". Hakuna aliyeiita gharika. Lakini kulikuwa na waliotakiwa kubaki na waliotakiwa kusombwa, na mlango ulifungwa na watu, mchana, wakijuana majina.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza katika skripti ni la mavazi. Asiwepo aliyezama ambaye amevalishwa ili kifo chake kiwe chepesi kwetu. Wavae kama Nuhu. Wawe na majembe kama yake, mizinga ya nyuki kama yake, watoto wa rika la watoto wa majirani. Biblia inasema nchi ilijaa dhuluma. Haikusema dhuluma huvaa nini.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, aliisoma rasimu akaniita pembeni. "Kijana," akasema, "hadithi hii ni ya wokovu. Ukileta kilio kingi unamweka Mungu kizimbani, na wewe si wakili."

Hoja yake si ya kupuuzwa. Aliyeokoka ana haki ya kushukuru bila kuombwa radhi. Mtu aliyetolewa majini Solai hatakiwi kuona aibu kwa kupumua. Na msanii anayemfanya Mungu mshtakiwa ili yeye aonekane ana huruma kuliko Mungu, huyo naye anajitafutia sifa.

Nilimjibu, "Mzee, mimi sijaleta kilio. Nimekikuta." Nikamwonesha Mwanzo 6:6, Mungu anahuzunika moyoni kabla tone la kwanza halijaanguka. Nikamwonesha 8:21, gharika imekwisha, na Mungu anaazimia moyoni mwake kutoviangamiza tena viumbe hai vyote kama alivyofanya. Huzuni mwanzoni, na mwishoni azimio la kutorudia. Kitabu chenyewe kimeifunga gharika pande zote mbili kwa moyo uliosononeka. Sasa filamu inayotoka hapo ikiwa na vigelegele peke yake, ni nani ameongeza na ni nani amepunguza? Mzee alinyamaza. Hakusema amekubali.

Aliyenisimamisha kweli ni mama mmoja wa kwaya, aliyeolewa huku kutoka Nyakach. Tulimwomba aigize mmoja wa wanaobaki nje. Alikataa. "Mimi hayo nimeyaona," alisema. "Nyinyi mtayafanya yapendeze. Mtaweka wimbo. Maji hayana wimbo, mwanangu. Yana harufu."

Maneno hayo yananizuia kujibu swali langu kwa wepesi, kwamba kamera itoke nje na tumalize. Kamera ikiwa nje inaweza kuwa mbaya kuliko ya ndani. Curtiz aliipeleka nje. Alipata picha za ajabu, za watu wakianguka na nguzo zikiporomoka, na mtazamaji akakaa kitini akifurahia ukubwa wake. Kumtazama mtu akizama kutoka mahali pakavu, kwa mwanga mzuri, si huruma. Ni safina nyingine, na hiyo inauza tiketi.

Niliyopata ya kunisaidia yalitoka kwa majirani zetu wa kusini, Wamaasai. Mjerumani mmoja, Moritz Merker, alichapisha mwaka 1904 kitabu juu yao, na humo kuna gharika. Mwenye haki anaitwa Tumbainot. Watu walikuwa wametenda maovu mengi lakini mauaji hawakuwa wameyajua, hadi siku mtu alipompiga mwenzake kichwani akamuua. Ndipo Mungu akachoka. Wapo waliosema hadithi hiyo ina harufu ya mahubiri ya wamisheni, na huenda ni kweli. Lakini kuna kitu kimoja humo ambacho misheni haikuleta. Mvua ikiisha, Tumbainot anamtuma njiwa, anarudi amechoka. Kisha anamtuma tumbusi, ndege wa mizoga, akiwa amemfunga mshale mkiani. Hesabu yake ni hii: ndege akitua kula, mshale utakwama chini na kung'oka. Jioni tumbusi anarudi bila mshale. Tumbainot anajua maji yamepungua.

Njiwa wa Biblia anarudi na jani la mzeituni, nasi tukalichora kwenye kadi za Krismasi. Tumbusi anarudi ameshiba. Mwenye safina anapata habari njema, nchi kavu ipo, na katika habari hiyo hiyo anajua ndege ametua juu ya nini. Hakuna anayeoneshwa akizama. Hakuna wimbo. Hakuna aliyevalishwa uovu. Lakini waliokufa wapo, wana miili, na wokovu wa aliye ndani umesomwa juu yao. Sijaona filamu ya Nuhu iliyokuwa na ujasiri wa kiasi hicho.

Basi katika rasimu ya sasa kamera inabaki ndani. Mlango unafungwa bila mkono, na hatuoni nje tena mpaka mwisho. Tunasikia, muda mrefu kuliko unavyovumilika, mvua juu ya mabati na watu wakiita, na wanaita majina. Nuhu hasemi, kama Mwanzo inavyotaka, ila sasa mtazamaji anajua ni kimya cha mtu wa namna gani. Baadaye ndege anatoka na mshale na kurudi bila mshale, na kamera inakaa usoni mwa Nuhu anapoutafuta mkiani na kuukosa. Upinde wa mvua upo. Kwaya ipo, wanaimba Kipsigis, na wanashukuru kwa haki. Mama wa Nyakach ameniambia kuimba ataimba.

Kamati haijaamua. Wengine wanaona dakika za sauti ni nyingi, zitawatisha watoto, watu wataondoka kanisani wakiwa wazito badala ya kubarikiwa. Wanaweza kuzikata, filamu ni yao, na nusu yangu ya pili iko mifukoni mwao. Nimewaambia wakizikata waziweke za mvua peke yake, bila muziki, angalau dakika moja, kabla ya wimbo wa shukrani. Huku kwetu kila mtu anajua mvua hiyo inateremka kwenda wapi.